Mpigaji Tunaye

Vuta mkeka, kaa hapa usikilize. Simu weka chini kwanza. Hii hadithi ukiisikiliza nusu utalala vibaya. Ukiisikiliza yote... utalala vibaya vilevile. Basi bora uisikilize yote.

Kuna dada mmoja wa Mkomaindo, pale Masasi, anaitwa Veridiana. Mtaani wanamwita Veri. Shule aliishia njiani, mdomo haukuishia popote. Alikuwa kwenye bendi ya dansi, zile bendi za kuzunguka. Korosho zikishauzwa watu wanataka kucheza, kwa hiyo wao wanapakia vyombo na kwenda, leo Ndanda, kesho Tandahimba, keshokutwa Newala, popote penye ukumbi na umeme.

Kazi ya Veri ilikuwa magitaa.

Mwingine akiyagusa bila kumwambia, ni ugomvi. Kwa Veri gitaa halilazwi kama gunia. Linasimamishwa shingo juu, katikati ya magodoro mawili ya sponji, linafungwa kwa mpira wa baiskeli, juu linawekwa turubai. Na kabla ya safari anazilegeza nyuzi zote, mpaka zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Masasi chini kuna joto la kukaanga korosho bila moto. Ukipanda Newala unakutana na baridi na ukungu. Gitaa lililokazwa linapinda shingo hapo katikati, na likishapinda limekwisha.

Hayo yote alifundishwa na mjomba wake, Selestini, mpiga solo wa bendi hiyohiyo. Wenyewe kule wanasema njomba. Njomba Selestini ndiye aliyemlea.

Na njomba Selestini alikuwa amekufa.

Tena majuzi tu. Tanga lilikuwa bado halijaanuliwa, watu wanalala msibani, moto wa uani haujazimwa. Desturi ya kwao, vitu vya marehemu havitoki chumbani mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo ukoo unakaa, ndipo wanagawa. Veri hakusubiri. Asubuhi ya safari aliingia chumbani kwa njomba wake, akachukua gitaa lake, gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, la mbao nyekundu, halina hata sanduku la kulibebea, akalizungushia blanketi, akatokea mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa pale pale anaosha sufuria.

"Unatoa kitu cha maiti kabla ya tanga?"

"Si cha maiti, mama. Ni cha njomba."

"Utakuja kulia wewe."

"Nishalia," Veri akasema, akaenda zake.

Haya. Jioni, jua linazama, pikapu inapanda mlima wa Newala. Wanamuziki wengine walishatangulia na gari ya Noah. Kwenye pikapu kuna Dunstan, kiongozi wa bendi ambaye ndiye dereva, na nyuma kuna Veri amekaa na magitaa yake. Katikati ya mlima rejeta ikachemka. Mvuke ukatoka kama chungu cha pombe. Dunstan akazima gari, akatia mawe nyuma ya matairi, akachukua dumu.

Maji ya kule si ya kuokota. Ilibidi arudi chini, kwenye zile nyumba za mwisho walizozipita.

"Twende wote," akasema. "Giza linaingia."

"Na magitaa?"

"Nani ataiba gitaa porini, Veri? Nyani?"

"Nyani wa huku wanapiga besi kumshinda Bernard. Wewe nenda."

Dunstan akacheka, maana Bernard ndiye mpiga besi wao na kila mtu anamjua. Akashuka na dumu lake, anapiga mluzi. Mluzi ukawa mdogo... ukawa mdogo... ukaisha.

Kimya.

Mikorosho pande zote mbili. Harufu ya mabibo yaliyooza chini, ile tamu ya kukaba koo. Ukungu ulikuwa unateremka polepole kutoka juu, kama mtu anayevuta shuka. Simu haina mtandao. Veri akajifunika kitenge, akaegemea magodoro.

Ko.

Akainua kichwa.

Ko... ko.

Chuma kwenye jiwe. Kama mtu anagonga jembe kutoa udongo. Halafu akasikia kitu kingine, karibu zaidi, kwenye mbavu zake. Lile gitaa la njomba, ndani ya blanketi, nyuzi zimelegezwa zote...

Liliitika.

Veri alizilegeza nyuzi zile kwa mkono wake mwenyewe. Hazikuwa na mahali pa kutolea sauti. Akaweka kiganja juu ya blanketi, na chini ya kiganja lilikuwa linatetema, kama kifua cha mtu mwenye homa.

Harufu ya mabibo ikakatika. Ikaja ya pumba. Pumba za mahindi zilizolowa siku nyingi.

"Hodi hapo."

Alikuwa mama wa makamo, kitenge safi, kilemba kimefungwa vizuri, amebeba jembe begani. Utafikiri anatoka kwaya akapitia shamba. Veri akasema shikamoo, mdomo ulizoea.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

Sasa mtu wa porini anajuaje habari za msiba wa Mkomaindo? Veri akamtazama vizuri. Akamkumbuka. Huyu mama alikuwepo msibani. Ndiye aliyesonga ugali wa muhogo siku ya mazishi, jasho linamtoka, na ndiye aliyelia kuliko wafiwa. Watu wa upande wa baba walidhani ni wa upande wa mama. Watu wa upande wa mama walidhani ni wa upande wa baba. Kila mtu alimpa pole, hakuna aliyemuuliza jina.

"Wewe ni nani wetu?" Veri akauliza.

"Mimi wenu tu." Akatabasamu. "Umetusumbua, mwanangu. Tulikuwa tunasubiri tanga lianuliwe, nikiombe kile chombo taratibu, tena mbele za watu. Mama yako asingeninyima. Ukakitoa kabla."

"Chombo gani?"

"Hicho ulichokilalia."

Veri akakaa sawa. Moyo unaenda mbio, lakini mdomo, nilishakwambia, haukuishia popote.

"Na wewe unapiga gitaa, mama?"

"Mimi sipigi." Mama akasogea, akanong'ona, kama anampa siri ya jikoni. "Mpigaji tunaye. Tumekosa chombo."

Mpigaji tunaye.

Hapo ndipo Veri alipoelewa. Huku kwetu kusini kila mtoto anajua ndondocha ni nini. Mtu amekufa, mmemzika, mmelia, kumbe mmezika gogo la mgomba. Mwenyewe yupo shambani kwa mtu, amekatwa ulimi, analishwa pumba, analima usiku. Ni maneno ya kutishia watoto wasitoke nje. Lakini ukiyasikia kwa mwenye shamba...

"Muongo," Veri akasema.

"Usiku kucha mkononi jembe," mama akaendelea, sauti ya huruma kabisa. "Mikono yake haikuzoea. Ukinipa hicho, nitampunguzia kulima. Akae tu, atupigie. Atapumzika, masikini. Unamnyima njomba wako kupumzika?"

Unaona alivyomkamata? Angemtisha, Veri angempiga na jeki ya gari. Lakini alimgusa penyewe. Veri akalitazama blanketi. Akamwona njomba wake kichwani mwake, na mikono ile.

Halafu akasema, "Kama mnaye, mlete. Aniombe mwenyewe."

Mama akashusha jembe begani, akaokota jiwe.

Ko. Ko.

Mtu akatoka kwenye mikorosho.

Alikuwa anatembea kama mtu anayevuka maji. Shati lilikuwa lile jeupe ambalo Veri mwenyewe alilipiga pasi siku ya mazishi, sasa ni la rangi ya udongo. Uso umepakwa majivu. Macho yapo, hayaangalii. Veri alitaka kusema si yeye. Alitaka sana. Akamtazama mkono wa kulia, ule ukucha mrefu wa gumba anaoufuga mpiga gitaa. Ulikuwa umevunjika nusu. Viganja vimechubuka, nyama nyekundu.

Alikuwa yeye.

"Njomba," Veri akanong'ona.

"Mm," likatoka kooni. Hakukuwa na ulimi wa kusema zaidi.

"Ushamwona," mama akasema. "Toa."

Veri akalifungua blanketi. Akashuka kwenye gari na gitaa. Lakini hakulitoa. Alilishika shingo kwa mkono wa kushoto, akaligeuza tumbo la gitaa lielekee kwa njomba, na kusema, "Nyuzi nimelegeza, njomba. Kama ulivyonifundisha. Kaza."

Mikono ile ikainuka. Polepole. Ikaenda kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, na unajua, mpiga gitaa hata umfanye nini, ukimpa gitaa lisilo sawa hawezi kuliacha hivyo. Akaanza na uzi mnene. Akakaza. Akagonga. Akasikiliza. Akakaza tena kidogo.

"Inatosha," mama akasema. "Twende."

Uzi wa pili.

"Nimesema twende."

Uzi wa tatu. Kichwa chake kikainama upande, kilivyoinamaga. Majivu yakaanza kudondoka shavuni, na Veri akaona mstari wa maji umepita hapo.

Mama akagonga jembe. Ko! Mikono ya njomba ikaganda.

Veri alikuwa na hofu, usije ukamdhania shujaa wa sinema. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alipokuwa mdogo, vidole havifiki, njomba alikuwa anampakata, Veri anabana nyuzi shingoni, njomba anapiga huku chini. Watu wawili gitaa moja. Sasa akabana. Wimbo ule ule wa kujifunzia.

"Piga, njomba."

Ko!

"Piga. Mimi nimebana."

Kidole kimoja kikasogea. Ting. Kisha kingine. Ko! Wakapiga juu yake. Ko! Wakapiga kwa nguvu zaidi, lile jembe likawa linawafuata wao badala ya wao kulifuata. Mama akalegea midomo. Kwa mara ya kwanza hakuonekana wa kwaya wala wa msibani, alionekana mzee sana, na mwenye njaa.

"Chombo kinabaki kwangu," Veri akamwambia. "Na mpigaji utanirudishia."

Chini mlimani ikaonekana tochi. Dunstan anarudi, anaimba ovyo.

Mama akatupa jembe chini, akanyoosha mkono kulivuta gitaa. Na hapo njomba akafanya kitu. Alilikamata kwa mikono miwili, Veri akadhani ndiyo basi, amelichukua. Hapana. Akalisukuma. Akalisukuma kifuani kwa Veri kwa nguvu mpaka Veri akaanguka nalo kwenye magodoro.

"Mm," akasema. "Mm. Mm."

Kisha akainama, akaokota jembe.

Dunstan alipofika hakukuwa na mtu mwingine. Harufu ya mabibo imerudi. Alimkuta Veri amekumbatia gitaa, damu kwenye mbao, wala si yake. Akamulika chini kutafuta nyayo, hakuona. Aliona tuta la muhogo. Tuta moja, limenyooka, udongo bado mbichi, linatoka mikoroshoni mpaka kwenye tairi la pikapu.

Akatia maji, wakaondoka.

Newala walipiga usiku huo huo, na Veri ndiye aliyeshika solo. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kusikia mtu anapiga kwa hasira vile, wala watu kucheza vile. Asubuhi akampigia simu mganga mmoja wa Tandahimba. Mganga akamwambia njia ni mbili. Ampe njomba wake gitaa, apumzike na jembe lakini abaki kwa yule mama milele. Au alichome moto, na njomba wake atakufa sawasawa, azikwe tena kwa heshima, yaishe.

"Na kumrudisha?"

Mganga akasema hiyo hajawahi kuiona. Hakusema haipo.

Dunstan anataka warudi Masasi kwa kuzungukia Mtwara, siku nzima barabarani, bora uhai. Bernard naye anaunga mkono, na padri aliyeulizwa amesema wasali na wazunguke. Veri amekataa. Kesho jioni anashuka mlima ule ule. Amewaambia asiyetaka apande basi, yeye atapata dereva, na safari hii akisikia jembe hasubiri kuitwa, anaingia mwenyewe mikoroshoni.

Wanamwita kichaa. Mimi sijui. Nilipokwenda kumsalimia pale Newala nilikiona kiganja cha damu kwenye mbao ya lile gitaa, na nikajaribu kukifuta kwa kitambaa, hakifutiki.

Sasa niambie wewe uliyekaa hapo. Angekuwa njomba wako, aliyekulea, na mikono imechubuka vile... ungempa, ungelichoma, au ungepanda nyuma ya pikapu na Veri?