Mama Aika na Amri ya Kuchapa

Jumamosi asubuhi Skolastika alifungua duka lake la kadi pale Ngarenaro. Akapangusa vumbi kwenye kompyuta ya mtumba, akaketi. Leo binti yake Aika hakutaka hata kugusa kibodi.

"Jumatatu naenda chuo cha misitu Olmotonyi, mama. Andika mwenyewe."

Skolastika akaandika ile amri ndefu, yenye vistari vya mshazari kama uzio ulioinama:

/home/duka/kazi/chapa harusi

Akaruka kistari kimoja. Kompyuta ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena.

"Basi, chuo kisubiri mwakani," alisema. "Ukiondoka, nani atachapa kadi za watu?"

Machozi yakamlenga Aika.

Mara akaingia Kinjal, jirani yao fundi wa kompyuta. "Shikamoo, Mama Aika. Mbona mnasikika mpaka kwangu?"

"Marahaba, mwanangu. Hili dude lako la Linux, ulilotuwekea kwenye kompyuta, halinipendi."

Kinjal akacheka. "Halijui pa kutafuta tu. Ukimtuma mgeni chumvi jikoni kwako, si atafungua makabati uliyomwonyesha? Kompyuta nayo ina orodha ya folda inazotafutia amri. Orodha hiyo inaitwa PATH. Folda yenu ya kazi, yenye amri ya chapa, haimo. Tuiongeze."

Akamwambia Aika afungue faili la .bashrc, ambalo husomwa kila dirisha la amri linapofunguliwa. Aika akaanza, akifupisha /home/duka kuwa $HOME: PATH=$HOME/kazi

"Weee!" Kinjal akamkatiza. "Umetupa makabati yote ya zamani! Hata amri za kawaida hazitaonekana. Tanguliza $PATH, yaani orodha ya zamani." Aika akarekebisha:

export PATH=$PATH:$HOME/kazi

"Na ile ya kuona kadi zinazosubiri printa?" Skolastika akauliza. "Lpq! Nani atakumbuka herufi hizo?"

"Ipe jina unalolitaka, mama," Kinjal akajibu.

"Tuiite q," Aika akasema. "Fupi."

"Q ndiyo nini? Mimi nina lugha yangu. Iite foleni." Aika akaandika:

alias foleni='lpq'

"Usiache nafasi pembeni ya alama ya sawasawa," Kinjal akaonya.

Wakahifadhi faili, wakafunga dirisha, wakafungua jingine. Skolastika akaandika kwa kidole kimoja: chapa harusi. Printa ikakohoa, ikaanza kunguruma. Akaandika: foleni. Kazi zilizokuwa zikisubiri zikajipanga kwenye kioo.

Akapiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia. Kisha akamgeukia binti yake.

"Wewe, bado umesimama hapo? Nenda kapange nguo zako za chuo. Mwenzio nina kazi!"