Mngurumo Niliouacha kwa Fundi

Nina miaka arobaini na tisa, mjane, naishi Cibitoke hapa Bujumbura. Sokoni wananiogopa: nyanya nazihesabu mara mbili, chenji mara mbili, hata wajukuu wangu. Sikieni basi nilivyoacha kuhesabu kitu kimoja tu...

Mume wangu aliniachia teksi, Toyota kuukuu, pamoja na mama yake. Mama haoni, na kumbukumbu zinamtoka. Kila jioni dereva alipolirudisha gari, mama alisikia mngurumo getini, akatabasamu: "Mutoto wangu amefika! Leteni chakula." Akala. Alishasahau kwamba mwanawe tulimzika. Mimi nani nimkumbushe? Na niseme ukweli, hata moyo wangu uliruka!

Kwa sababu mngurumo ule ulikuwa wa mume wangu. Kabureta aliirekebisha mwenyewe, kwa sikio, akizungusha skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa kidogo kidogo mpaka injini iimbe alivyotaka.

Kisha gari likaanguka kontrole, ule ukaguzi wa magari. Moshi mwingi! Bila karatasi yao haliruhusiwi barabarani, nasi tungekula nini?

Nikalipeleka kwa fundi Fidèle. Akaniambia: "Mama Aline, kwanza nifunge hii skrubu mpaka mwisho, nihesabu inazunguka mara ngapi. Siku ukitaka irudi ilivyokuwa, tutajua."

Ujanja wa mafundi naujua: kila wanachohesabu, utalipia. Nikamwambia aache kunihesabia skrubu, apunguze bei.

"We mama, utamaliza mafundi wote!" Akacheka, akapunguza, akazungusha hivyo hivyo bila kuhesabu. Nilirudi nikijisifu...

Gari likapita kontrole. Injini ilitulia kama ya gari la waziri.

Jioni likaingia getini. Nikapakua ugali. Mama akainua kichwa, akasikiliza.

"Huyo ni nani?"

"Ni gari letu, Mama."

"Apana. Hiyo ni gari ya wageni. Mutoto wangu iko wapi?"

Hakula. Kesho yake, hakula. Fidèle akaja na bisibisi, akazungusha mbele, akarudisha nyuma, mama kando yake akisikiliza. Kila mara: "Siyo yeye." Nikafumba macho niutafute mimi ule mngurumo... Ndugu zangu, hata mimi sikuukumbuka tena!

Mwishowe mama akanishika mkono, akauliza kama mwanawe amekufa. Nikasema ndiyo. Alilia kama siku ya msiba. Asubuhi alikuwa amesahau. Jioni gari likaingia, akauliza tena...

Ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Kila jioni namzika mume wangu upya, mimi na mama yake. Akishalia, namlisha. Vijiko viwili, anageuza uso. Hivyo vijiko navihesabu.

Nawaomba, nyinyi mlioachiwa vitu na marehemu: kabla fundi hajazungusha chochote, mwacheni ahesabu! Akidai pesa, mpeni. Siku hiyo msibishane bei.

Sasa hivi nasikia gari linakata kona... Mama ameinua kichwa.