Makabati Yaliyouliza Majina

Asubuhi ile Bihua alifungua mlango wa kazini akanusa nywele zinazoungua. Hakuna aliyekuwa amewasha hata udi. Nyumba ya majivu ya wafu pale mlimani Keelung, huko Taiwani, ilikuwa kimya, mvua inanyesha kama kawaida ya mji ule, na makabati ya majivu yamesimama safu kwa safu hadi darini, kila mlango na namba yake. Majina yalikaa kwenye kompyuta tu.

Mgeni wa kwanza alikuwa bibi aliyemletea marehemu mumewe machungwa. Bihua akabonyeza namba. Badala ya jina, kioo kikaleta alama za kuuliza.

"Samahani, bibi. Hapa naona huyu hana jina."

Kabatini mtu akagonga.

"Kama sina jina," sauti ikauliza polepole, "mimi ni nani?"

"Ni yeye," bibi akanong'ona. Machungwa yakamponyoka, naye akatoka mbio mvuani.

Bihua akampigia simu Guanlin, fundi aliyeisafisha kompyuta ile Jumamosi. Kijana akaingia anacheka.

"Shangazi, umeanza kulewa asubuhi asubuhi?"

"Nyamaza usikilize."

Akasikiliza. Safu nzima ilikuwa inagonga. Kicheko kikamkauka.

Akaketi, akaandika amri, akatazama majibu.

"Faili za lugha hazipo," akasema kwa sauti ndogo. "Diski ilijaa, nikafuta nilizodhani hazina kazi. Kichina nacho kimekwenda. Majina yamo, shangazi, ila mashine haijui tena kuyaandika."

"Basi kirudishe! Waombe radhi, halafu ukirudishe!"

"Nisameheni, wazee wangu," Guanlin akasema, machozi yanamlengalenga.

Akaanza kuvuta faili kutoka mtandaoni, mstari wa kuonyesha zilikofikia ukatambaa kiooni, ukasimama, ukatambaa tena, na kadiri ulivyotambaa ndivyo milango ilivyozidi kutikisika, safu ya chini, ya kati, ya juu kabisa, na ile harufu ya nywele ikamjaa kooni, na pumzi ya baridi ikamgusa nyuma ya sikio, ikamuuliza mimi ni nani, mimi ni nani, sauti za wazee na za watoto pamoja, huku Bihua akitembea kati ya makabati, viganja vimeshikana kifuani, akiwabembeleza, "Subirini jamani, anawatengenezea, subirini kidogo tu," hadi sauti yake mwenyewe ikakatika.

Faili zikaingia. Guanlin akaiamuru mashine ijenge upya Kichina cha Taiwani, akaizima, akaiwasha.

Majina yakarudi.

Bihua akayasoma kwa sauti, moja moja, na kila alilolisoma, kabati lake likatulia. Alipofika mwisho, kilichosikika ni mvua peke yake. Guanlin akalaza kichwa mezani, akalia kama mtoto.

Ndipo kabati la pembeni likagonga.

"Umemruka mmoja, shangazi," Guanlin akasema, akiinua kichwa.

"Sijamruka mtu." Bihua akatazama kioo, kisha mlango ule. "Hilo halijanunuliwa, mwanangu. Halijawahi kuwekwa mtu."

Ndani ya kabati, kitu kikakohoa taratibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuanza kusema.