Kiatu cha Kulia

Mwizi alichukua kiatu kimoja tu. Cha kulia. Cha kushoto alikiacha palepale kwenye ngazi za msikiti, na ndicho alichokuja nacho Mzee Mfaume kituoni baada ya sala ya Ijumaa, kakivaa, mguu wa pili una soksi iliyojaa mchanga.

Inspekta Apolonia alimwamkia, akampa kiti, akajikaza asicheke.

"Kiatu kimoja, mzee?"

"Alininunulia marehemu mke wangu, Mboni. Andika hivyo. Na uandike kwamba Kilwa Masoko namjua mtu mmoja tu wa mguu mmoja."

"Mzee Bakary, fundi cherehani? Si rafiki yako?"

"Andika tu."

Mfaume alistaafu utendaji wa kata, na alizoea kushitaki mpaka kuku wa jirani. Lakini alipomtaja mkewe sauti ilimkatika, na inspekta hakuona tena cha kuchekesha.

Alikwenda msikitini, akasimama nje. Kwenye mchanga alama za ndala zilikuwa zimevurugana, ila vishimo viwili vya magongo vilionekana wazi mahali alipovulia Mfaume. Mwadhini Maftaha alimwambia kuwa Bakary huvulia upande wa pili, karibu na bomba, na leo aliwahi kutoka.

Jambo moja lilimsumbua. Bakary alikatwa mguu wa kulia. Kiatu cha kulia angekifanyia nini?

Alimkuta sokoni, anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikutegemea mapema zaidi."

"Kiatu kiko wapi?"

Bakary alisogeza vitambaa, akakitoa.

"Vaa glavu. Tia mkono ndani, polepole."

Msumari ulikuwa umechomoza kwenye soli. Kando yake palikuwa na madoa ya damu na usaha, mengine makavu, mengine mabichi.

"Ana sukari kama mimi," Bakary alisema. "Nyayo zake zimekufa ganzi. Ijumaa iliyopita niliona doa kwenye ngazi, nikamwambia. Akasema mbona haumwi. Leo nimemwambia tena, akanicheka, eti tangu nikatwe naona vidonda kila mahali."

"Ungeng'oa msumari tu."

"Angeendelea kutembea na kidonda ndani ya soksi. Mguu wangu ulianza hivyohivyo. Ukavimba, ukawa wa moto, nami nikangoja uniume." Alifuta macho kwa kipande cha kanga. "Nilijua akikikosa kiatu hiki atakuja kwenu. Mimi hanisikilizi. Nyie mnaweza kumvua soksi."

Kituoni Mfaume alikataa katakata kuvua soksi. Apolonia alimwambia mguu ule sasa ni kielelezo cha kesi, akapiga magoti, akaivua mwenyewe. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimevimba mpaka kwenye unyayo. Mfaume aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Huu ni wangu?" aliuliza taratibu.

Hospitalini, tabibu Grace alisema sukari iko juu mno. Sukari ikikaa juu, alieleza, mwili hauishi kuvimba ndani kwa ndani, kidonda hakifungi, na sigara anazovuta zinachochea. Kisha akasema neno walilolingoja wote.

"Mmewahi."

Apolonia alipokwenda wodini siku chache baadaye, Bakary alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamenya chungwa. Mguu wa Mfaume ulikuwa umefungwa bandeji nene.

"Mtuhumiwa amekiri, mzee. Tumpeleke mahakamani?"

Mfaume aliinama kwa shida, akatoa mvunguni kile kiatu cha kushoto.

"Mimi sitavaa viatu leo wala kesho," alimwambia Bakary. "Na wewe mguu uliobaki ni huo."

"Hiki alikununulia Mboni."

"Mboni angekupa."

Akatia mkono ndani ya kiatu, akapapasa soli yote mpaka kwenye ncha, akarudia tena, maana vidole vyake vya mkono bado vilikuwa na hisia.

"Hamna kitu," alisema. "Lete mguu."