Simu Inayohesabu Hatua

Jua lilikuwa linazama na fundi wa vifungo alikuwa hoi. Siku nzima alikuwa ameketi kwenye cherehani akishona matundu ya vifungo vya sare za shule, na kazi ya kukaa, jamani, haimvunji mtu magoti. Yake yalikuwa kama yamevunjika. Alipitia duka la simu kwa sababu msimamizi alikuwa ametangaza kuwa ratiba ya zamu itatumwa kwenye simu janja tu. Msimamizi huyohuyo alishamkuta mara mbili amesinzia, shavu juu ya kitambaa. Mara ya tatu unga ungemwagika, na nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa asiye na mtu mwingine duniani.

Mama wa duka, mkimya, mwenye miwani minene, alimpangia simu tatu juu ya kaunta ya kioo. Moja ilikuwa na kamera nne. Fundi akasema hana sura ya kuhitaji kamera zote hizo. Nyingine ilikuwa ndogo, nyepesi, haina mbwembwe. Ya mwisho ilikaa na chaji siku mbili, tena ilihesabu hatua za mwenye nayo.

Fundi akasema hatua zake ni za kutoka cherehani kwenda chooni.

"Chukua hii, dada," mama wa duka alisema taratibu. "Una siku tatu za kubadilisha. Ila ukilala, lala nayo mwilini."

Fundi alidhani ni habari za wezi. Akalala nayo kwenye mfuko wa gauni.

Asubuhi aliamka mgongo unamuuma kama kawaida. Simu ikawaka.

Hongera. Umetembea hatua 19,412.

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Hatua zilianza saa sita usiku zikakoma saa kumi. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Miguu yake ilikuwa safi... safi kuliko alivyolala nayo.

Kutwa nzima kazini simu ilimwongezea hatua mia nane tu. Kuhesabu ilikuwa inajua.

Jioni aliirudisha dukani akisema ni mbovu. Mama wa duka hakubishana. Alichukua sindano akachokonoa tundu la chaji. Kitu kikadondoka juu ya kioo.

Udongo.

Mweusi, mbichi, unanukia mvua. Na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili.

Kisha akafungua ramani ya usiku ule. Mstari mwekundu ulitoka nyumbani kwa fundi, ukakata mitaa, ukafika mahali peupe pasipoandikwa jina. Hapo ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, umenyooka, mstari kando ya mstari. Fundi alikuwa amekulia kwenye kilimo. Matuta aliyajua.

"Shamba la nani?" alinong'ona.

"Sijui. Na sijaona aliyekwenda kuuliza akarudi." Mama wa duka alifuta udongo kwa kiganja. "Miguu wanawaosha kabla ya kuwarudisha. Simu bado hawajaizoea."

"Sasa nifanyeje, mama?"

Mama wa duka alivua miwani akajifikicha macho, naye alionekana hajapumzika miaka.

"Wengi hubadilisha. Huchukua hiyo ndogo. Hiyo haihesabu."

Msimcheke fundi. Mtu akishachoka kiasi kile, hana nguvu ya kugombana na asiyemwona. Alichukua ile ndogo, akarudi kwake. Ratiba zikaja, zamu zikaenda. Aliamka amechoka, akalala amechoka, na kwa majuma mawili hata hofu yenyewe ikachoka ikakaa kimya.

Mpaka asubuhi moja.

Binti yake ndiye aliyekuwa akimwamsha yeye kila siku. Siku hiyo fundi alimwita mara tatu. Mtoto akaja akijikokota, akalaza kichwa mezani.

"Mama, magoti yananiuma."

Fundi akainama akaitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa imetakata hadi katikati ya vidole. Akashika simu yake ndogo akaigeuza huku na huku, nayo ikampa saa na tarehe, basi. Alijichukia pale pale, kwa sababu alikuwa amelipa ili asijue.

Hakwenda kazini. Alimkuta mama wa duka ndiyo kwanza anafungua mlango.

"Ni ya mtoto?" mama wa duka aliuliza, kabla hajasalimiwa.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akapewa mbili zinazohesabu, moja ya kuazima.

Jioni, mapema, alimvalisha binti gauni la kulalia, akaweka simu moja kwenye mfuko wa mtoto na nyingine kwenye mfuko wake. Kisha akatunga uzi mara mbili, akaushona mkono wa gauni lake kwenye mkono wa gauni la mtoto, mishono midogo ya sare, ile isiyofumuka hata mtoto avutane na wenzake. Alitaka wakija kumchukua binti, yeye aamke.

Asubuhi mishono ilikuwa mizima, yote.

Simu yake ilisema 19,380. Ya mtoto ilisema 27,051, maana miguu yake bado mifupi.