Makofi kwa Viti Vitupu

Kiti kilikuwa na moto. Si moto wa jua, maana kilikuwa pembeni kabisa, chini ya kiyoyozi. Ni lile joto la kiti ambacho mtu mnene ameinuka sasa hivi. Mwadini alikikalia, akaruka, kisha akakipapasa kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hapo hajakaa mtu tangu Jumatatu," Mwanahija alijibu kutoka jikoni. "Na leo Alhamisi."

"Basi umeumbuka, Bi Mwanahija. Mtaa mzima unajua mgahawa wako ni wa halali, kumbe una kitimoto!"

Alicheka peke yake. Rotich hakuelewa mpaka alipoambiwa kwamba kwa watu wa Dar kitimoto ni nyama ya nguruwe. Muthoni alielewa na hakucheka. Siku ya nne ya kufungiwa, hakuna aliyekuwa na kicheko cha kumgawia mwenzake.

Walikuwa wanne, ghorofa ya saba, katika jengo la uchochoroni nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou, China. Ghorofa ya tisa alipatikana mgonjwa wa korona, na kabla wateja wa mchana hawajamaliza pilau, watu wa mavazi meupe walishafunga lango la chini. Wiki nzima, hakuna kutoka. Mwanahija, mwenye mgahawa, mtu wa Pemba, aliwatandikia wageni wake makatoni. Rotich alikuwa kijana mpole wa Nairobi, mnunuzi wa vipuri vya simu. Muthoni naye wa Nairobi, lakini upole hakupewa. Majora yake ya vitambaa yalikuwa yamekwama soko la Zhongda na hasira zake zote zilikwama humu. Mwadini alikuwa mtu wa viatu, Mzanzibari wa Dar, miaka hamsini na minne. Alikuwa ametembea Dubai, Bangkok na Istanbul, na kila mji alirudi nao tumboni.

Wote walikuwa wakingoja saa kumi na moja jioni, ambayo Nairobi ni saa sita mchana. Ndipo Tuzo za Kurunzi, tuzo kubwa za filamu za huko Nairobi, zingeanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Kwa ajili ya kafyu, sherehe ilisogezwa mchana. Kwa ajili ya korona, watazamaji walikatazwa ukumbini; wangeingia walioteuliwa peke yao, na ndugu zao wangeunganishwa kwa simu ya video, wapige makofi kutoka huko waliko.

Mmoja wa walioteuliwa alikuwa Nahla, binti wa Mwadini.

Miaka sita nyuma, Nahla alimwambia baba yake kwamba anaacha masomo ya uhasibu akaigize. Mwadini alimpiga kofi. Moja tu, la mkono wa kulia, mbele ya wageni waliokuja kufuturu. Binti akabeba begi. Tangu hapo ni salamu za Idi, tena za maandishi. Na kila alipoulizwa, Mwadini alikuwa na jibu lake. Alilisema Dubai, akalisema Istanbul, akalisema hata sokoni Zhanxi mbele ya muuza viatu asiyejua neno la Kiswahili: "Shetani alinipitia." Kisha hutia mzaha, watu hucheka, yanaisha.

Leo alikuwa amevaa koti. Alitaka kulifuta kofi moja kwa makofi elfu.

Televisheni ikawaka. Ukumbi ulikuwa wa viti zaidi ya elfu, vyekundu, vile ambavyo mtu akiinuka vinajikunja vyenyewe. Walioketi hawakufika thelathini. Nahla alikuwa safu ya tatu, peke yake, gauni la kijani, barakoa ya kijani. Mshereheshaji alipoingia, makofi yalilia kutoka kwenye spika, mengi, ya watu wasiokuwepo.

"Makofi ya kopo," alisema Muthoni. "Kama maharagwe."

Maoni ya watazamaji yalikuwa yakipita chini ya skrini, na Muthoni aliyasoma kwa sauti moja baada ya jingine, kwa raha. "'Hii ni tuzo ama matanga?' 'Huyo wa kijani ni nani alimwalika?' Ona hii, Mzee: 'Nahla, rudi Dar ukauze viatu vya babako.' Wewe, hata viatu wanavijua!"

"Muthoni, wacha," alisema Rotich.

"Niwache nini? Tuzo ni ya msichana wetu wa Nairobi. Huyu wake ataenda nyumbani mikono mitupu, na haki ya Mungu mimi nitamzomea."

Mwadini aliumia, na Mwadini akiumia hufanya mzaha. Alisimama, akatanua mikono kama mwenye harusi anayekaribisha wageni ubwabwa.

"Mtamzomea nini na ukumbi wenyewe watu meyo!" Meyo ni hakuna, ndilo neno la kwanza ambalo duka la Kichina humfundisha mgeni anapoulizia saizi. "Jamani msioonekana! Nyie mlioko hewani! Viti bure, karibuni mkae, mumpigie mwanangu makofi!"

"Yo," sauti ikajibu.

Yo ni ipo. Ndivyo muuzaji anavyosema akiwa na mzigo.

Walitazamana. Kila mdomo ulikuwa ndani ya barakoa, na kila mmoja alingoja mwenzake akiri. Sauti ilikuwa imetoka chini ya kiyoyozi. Kisha ikaja harufu, marashi ya waridi, lakini yaliyochacha, kama maji ya chupa iliyosahauliwa nyumba ya msiba, na chini yake harufu ya chuma kilicholowa. Kile kiti cha plastiki kikalia, nye, kama kinavyolia mtu akijiweka vizuri.

Halafu kofi moja. Pa. Humu humu ndani.

"Tazameni kule," Rotich alinong'ona.

Kwenye televisheni, safu ya mwisho kabisa, kiti kimoja kilikuwa kimeshuka. Hakikuwa na mtu. Kikashuka cha pili, kikashuka cha tatu, polepole, kimoja kimoja, kama wanavyokaa wazee wenye magoti mabaya, na mshereheshaji akiendelea kuchekesha, na kamera zikienda na kurudi bila ya kuona, safu ile ikajaa utupu uliokaa, ikafuata safu ya mbele yake.

Mwanahija alikuwa ameshatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mweupe kama unga.

"Umesema nini, Mwadini? Umesema viti?"

"Mzaha tu, Bi Mwanahija."

"Bibi yangu alikuwa fundi wa kupunga majini. Kwetu sisi kiti si mbao. Jini akimpanda mtu, yule mtu ndiye kiti chake. Nawe mtu wa visiwani hulijui hilo? Umemkaribisha kwa neno lile lile analolingojea."

"Upuzi," alisema Muthoni, lakini sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Hii ni mchezo wenu wa Pwani. Huyo msichana hashindi, na—"

Pa! Kichwa chake kiligeuka mpaka kidevu kikagusa bega. Barakoa ikaruka. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Rotich alimshika, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, maana jua lilikuwa bado liko juu ya Guangzhou, na honi zilikuwa zikilia barabarani kama siku yoyote, na shavuni mwa yule mama alama za vidole zilikuwa zikiinuka moja baada ya nyingine. Rotich akazihesabu. Akazihesabu tena.

"Ni sita," alisema.

Akakimbilia waya wa televisheni. Mwanahija akamzuia kwa mwiko.

"Usizime! Ukizima, utajuaje kinakwenda wapi?"

Kisha Mwanahija alifanya jambo ambalo Mwadini angelisimulia miji yote, kama angekuwa bado na hamu ya kusimulia. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kile kiti kitupu, karibu kabisa, goti kwa goti, kama anayeongea na mgonjwa.

"Mgeni. Hatukutukani. Sema una shida gani."

Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, kama ile karatasi laini inayofungia viatu vipya ndani ya boksi.

"Siku tatu nimekaa hapa. Hata chai hamkunipa."

"Tusamehe. Nani amekuleta?"

"Yeye. Miaka sita ananitaja. Kila mji anasema nilimpitia. Siku ile mimi sikuwepo. Kofi lilikuwa lake. Lakini ukitajwa sana, utakwenda ukamwone anayekutaja." Kiti kikalia nye. "Sasa kanipa na viti. Nakitaka kile cha kijani."

Safu ya sita ilikuwa imejaa. Safu ya tano ikaanza. Nahla alikuwa akivuta ushungi wake mabegani, kama mtu aliyehisi baridi shingoni, akageuka nyuma mara moja, akaona viti, akarudi kutazama mbele.

"Nichukue mimi," Mwadini alisema. "Muache mtoto. Kaa kwangu."

"Kwako? Pamechakaa. Tena mafuta."

Wakati wowote mwingine Mwadini angelicheka. Mwanahija alimkamata ukosi wa koti, akamwambia sikioni, haraka haraka:

"Nisikilize. Kakushika kwa uongo wako, kwa huo mlango anapita kwenda kwa mtoto. Ufunge. Simu ikiunganishwa, sema maneno matatu: kofi lilikuwa langu. Basi. Hatakuwa na pa kupita."

"Mbele ya watu wote wale?"

"Na lile ulilipiga chumbani? Si mbele ya watu?"

Simu ya Mwadini ikaanza kulia. Nairobi walikuwa wakimwita, maana mshereheshaji alikuwa amefika kwenye mwigizaji bora wa kike, bahasha ilikuwa imeshafunguliwa, na jina lililosomwa lilikuwa Nahla Mwadini. Na makofi ya kopo yakalipuka, na Nahla akasimama amejishika kifua, na nyuma yake safu ya nne ikashuka yote kwa mpigo, mlio kama wa mlango wa gereza, na katika safu yake yeye mwenyewe viti vikaanza kushuka kutoka ukingoni, kimoja, kingine, kingine, vikimjia, na juu ya jukwaa, kwenye skrini kubwa kama nyumba, ikatokea sura ya baba yake, imelowa jasho, barakoa imening'inia sikio moja.

"Baba?" alisema Nahla. "Baba, ni wewe?"

Viti vinne vilibaki kati yake na kile kitu.

"Nahla. Mwanangu." Mwadini alihisi Mwanahija akimbinya mkono. "Kofi... kofi lile..."

Viti vitatu. Chini ya picha maoni yalikuwa yakipita: 'Huyo ndiye baba? Tumbo nalo liteuliwe!' 'Mzee analia ama anapika?' Maelfu ya watu wanamtazama, wanamcheka, na yeye ulimi wake kwa miaka hamsini na minne ulijua njia moja tu ya kutoka kwenye aibu, njia aliyoipita mara nyingi mno hata ulimi ukaipita wenyewe kama punda anayejua kwao, na akajisikia akicheka, akajisikia akisema, akatamani kuyarudisha maneno yangali hewani:

"Siku ile, mwanangu, si unajua... shetani alinipitia tu."

Mwanahija akauachia mkono wake.

Ukumbi ulicheka, kicheko cha kopo. Nahla naye alicheka, machozi yakimlowesha barakoa. "Nilishakusamehe zamani, Baba. Hukuhitaji kusema kitu. Nilitaka makofi yako tu."

"Nimepita," ilisema ile sauti. Haikutoka kwenye kiti. Ilitoka ndani ya mkono wa koti la Mwadini.

Viti vyote ukumbini vikajikunja kwa pamoja, mamia, kishindo kimoja, hata mshereheshaji akainama. Nahla alikuwa mzima, tuzo mkononi, amekodoa macho kwa skrini, anangoja. Rotich alipiga magoti akimshukuru Yesu. Muthoni, shavu limevimba, alikuwa akilia na kusema, "Mpigie basi, Mzee, mpigie mtoto." Mwanahija aliweka kiganja juu ya kile kiti cha plastiki. Kilikuwa baridi. Hakufurahi.

Mwadini aliinua mkono wa kushoto. Ulifika mbele ya kifua, ukangoja mwenzake. Wa kulia ulibaki pajani, mzito, na moto kama kiti ambacho mtu mnene amekikalia.

Mpaka picha ikakatika, hakumpigia.

Alisafiri baada ya miezi mitatu. Mwanahija alikuwa amefanya aliyoyajua, akafukiza, akampa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, anywe, akampigia simu fundi mmoja Pemba. Fundi alisikiliza, akaomba kuwekewa simu karibu na ule mkono, akasikiliza tena, akakata. Kwa wengine Mwadini alisema mkono umestaafu kabla ya mwenyewe. Walicheka. Yeye aliutia mfuko wa koti, na hakuutoa.

Nahla alikuja kumpokea uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na wenzake wa filamu. Walipomwona mzee anatokea, amevaa koti kwenye joto lile, walianza kumpigia makofi.

Mfukoni, vidole vikaamka. Mwadini alivihisi vikifunguka kimoja kimoja kwenye kitambaa: vitano, halafu kimoja.

"Rudi nyuma," alisema. Makofi yalimmeza sauti.

"Baba!" Nahla alikuja mbio, mikono wazi, uso mtupu, barakoa ameivua ili amwone vizuri.

Mkono ukatoka mfukoni wenyewe, ukapanda juu ya bega, ukafunguka wote. Na mkono mmoja, hata uwe na vidole vingapi, haujui kupiga makofi. Unajua kofi.