Saa Moja ya Kunyamaza

"Kwa hiyo mmenijaza sukari mwilini? Basi mwanangu, nichovyeni kwenye chai, nitatosha birika zima!"

Fundi wa picha za mwili pale hospitalini alicheka, akambandika bibi yule plasta palipochomwa sindano ya sukari yenye mionzi. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa cha mwisho mle ndani.

"Pumzika peke yako chumba hiki saa moja, mama. Usiongee hata neno. Ukiongea, misuli ya koo itakula sukari na picha itatudanganya."

Picha ilipotoka, koo lilikuwa linawaka kama kaa.

"Mama, uliongea na nani?"

Bibi akashusha sauti. "Na mwanamke aliyejilaza pembeni yangu. Anajiita mkeo. Huyo si mtu, mwanangu. Niliitikia mara moja tu, akaning'ang'ania saa nzima. Ameniachia kwa sababu anakutaka wewe. Akikuita, usiitikie. Hutatoka."

Mke wa fundi alipimwa humo humo, wiki mbili kabla ya kufa. Baada ya sindano alitaka kumwambia jambo. Fundi, mtu wa kanuni, akamwekea kidole mdomoni: baadaye. Jioni ile alizidiwa, na hakusema tena.

Kazi ilipokwisha, fundi aliingia chumba kile cha kupumzikia kutoa shuka. Mlango mzito wa kuzuia mionzi ukajifunga nyuma yake. Aliusukuma kwa bega, haukutikisika. Kukanukia mafuta ya nywele ya mkewe, na chini ya harufu hiyo udongo mbichi, kisha pumzi ya baridi ikatua sikioni, na sauti ile ile iliyokuwa ikimwamsha kila siku ikamwita, ikangoja, ikamwita tena, ikisogea kila alipobana meno, hata asijue kama machozi yaliyomtoka yalikuwa ya hofu au ya hamu, mpaka ikamnong'oneza taratibu, "Nikwambie sasa?"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Muuguzi akafungua. "Kaka! Unafanya nini humu?"

"Mlango ulikwama."

"Huu? Mbona hauna hata kitasa?"

Hakupata usingizi. Alijua fika kwamba si mkewe. Alijua pia kwamba hakuna mwingine wa kumwambia lile neno.

Asubuhi aliwahi kazini kuliko wote, akaingia chumbani, akauvuta mlango mwenyewe, akajilaza.

"Nipo, mke wangu," akasema. "Sema."